Risala ya Ikupa kwa Mgeni Rasmi

Maktaba moja ya Campbelltown, pembeni mwa Sydney, ilipomwomba Godfrey, mwenyekiti wa Watanzania wa huko, afungue maonyesho yanayozungushwa mji hadi mji kuhusu Rais Lincoln na kukomeshwa kwa utumwa Marekani, alikimbilia kununua suti. Mgeni rasmi ni mgeni rasmi, hata Australia. Ikupa, binti wa kaka yake, akaagizwa akaange sambusa, apige pasi shati, kisha aandike risala na kuisoma.

Ikupa aliletwa kutoka Mbeya ili asomee uuguzi. Mpaka leo chuo anakiona dirishani tu, akiwa kwenye treni. Akiuliza, hujibiwa, "Mwanangu, haraka haraka haina baraka," na anarudi jikoni. Thubutu kuuita huo utumwa! Huo ni undugu. Utumwa ni ule wa kwenye picha.

Godfrey alichelewa makusudi, itifaki ndivyo itakavyo. Alikagua mabango moja baada ya jingine, akitikisa kichwa. "Jamani, binadamu anatumikishwa bure! Ikupa, maji." Mkewe Avelina alipangusa chozi. Ikupa alileta maji, na roho ikamuuma kwelikweli.

Ikafika zamu ya risala. Aliisoma kwa Kiingereza, wenyeji nao waelewe. Alimsifu mheshimiwa mpaka mheshimiwa akavimba. Lakini risala bila maombi si risala.

"Mheshimiwa, tuna changamoto moja. Mwandishi wa risala hii hajaanza chuo. Tunaomba aanze."

Godfrey alicheka kidogo, akasimama. "Ombi limepokelewa. Tutalifanyia kazi."

Watanzania walipiga makofi. Wote walijua kwamba hapo ombi limeshazikwa. Ikupa alitakiwa ainamishe kichwa, ashukuru, akakae.

"Lini, mheshimiwa?"

Makofi yalikatika. Mgeni rasmi haulizwi lini, tangu dunia iumbwe! Ila Wazungu wa maktaba hawakulijua hilo. Kwao lilikuwa swali zuri tu, basi wakamgeukia Godfrey kwa tabasamu, wakasubiri jibu. Godfrey alitazama dari, akatazama viatu vyake. Wakaendelea kusubiri.

"Jumatatu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Safari hii waliopiga makofi ni Wazungu. Avelina aliinuka nusu kitini, akasema kwa Kiswahili, meno yamebanana, "Na kazi za nyumbani atafanya nani?"

"Nyumba ina wenyewe, mama mdogo," alijibu Ikupa, na kipaza sauti kilikuwa bado kinawaka.