Doa kwenye Mlango wa Asger

Asger Brandstrup hakuwa na ugomvi na mtu yeyote hapa Kopenhageni. Ugomvi wake ulikuwa na vitasa. Katika maisha yake yote ya kuchora ramani za ofisi za watu, alivipunguza polepole kama daktari anavyompunguzia mgonjwa sukari. Vile vya shaba viliondoka, vikaja vyembamba vya chuma, vikaja vishimo vya kutia vidole, na mwishowe hakubakiza kitu. Mlango wake ulikuwa ubao mweupe katikati ya mbao nyeupe. Ukiubonyeza mahali pake, unafunguka. Usipopajua mahali pake, shauri yako.

"Jicho lipumzike," ndivyo alivyopenda kusema. Na kweli jicho lilipumzika, mikono ndiyo iliyotaabika.

Nyumbani nako alifanya yale yale, mpaka mkewe Lisbet akafungasha virago. Siku ya kuondoka, maskini, alitaka kuubamiza mlango kama ilivyo haki ya mwanamke aliyechoshwa. Mlango ukajifunga taratibu, kwa adabu zake, bila kutoa hata sauti. "Nyumba gani hii, mtu hata kukasirika hawezi!" akafoka peke yake kwenye ngazi. Binti yao Signe akashika upande wa mama, na kwa miaka miwili hakukanyaga kwa baba yake. Asger akasema anaheshimu uamuzi wake. Huku kwetu ndivyo tunavyosema tukiwa tumeumia.

Basi alipokaribia kutimiza miaka sitini, Signe akapiga simu. Angefika ofisini siku yenyewe, saa tisa alasiri, ale kipande cha keki, aondoke. Jamani, mzee alivyochanganyikiwa! Kwa kuwa mwenye siku yake ndiye anayewalisha wenzake keki, akaagiza ile ya matabaka, krimu imefurika, stroberi juu. Akapanga bendera ndogo mezani, kama tunavyofanya huku siku za kuzaliwa. Halafu, eti ili binti akute mahali panang'aa, akamwita fundi mpaka rangi.

Mlango wa ofisi, upande wa ngazi, ulikuwa na doa. Doa la kijivu, ukubwa wa kiganja, mafuta ya mikono ya watu. Lilimkera Asger kuliko talaka. Mpaka rangi akalifunika, doa likaenda zake kuifuata kengele ya mlangoni, iliyoondolewa zamani kwa kosa la kulipigia jicho kelele. Wafanyakazi wakaona, wakatazamana. Asubuhi ya siku yenyewe wakapapasa ubao baada ya ubao mpaka wakaingia, wakavua makoti, wakanyamaza. Nani huku kwetu atamwambia mwenzake jambo ambalo hajaulizwa?

Saa tisa kamili Asger, dirishani, akaiona baiskeli ya Signe ikiegeshwa chini.

"Nenda kamfungulie basi!" akasema Bodil, mtunza hesabu, kibendera mkononi.

"Hapana. Aingie mwenyewe akiwa tayari. Sitaki kumlazimisha."

"Kumlazimisha nini? Si mwanao yule?"

"Bodil, tafadhali."

Wakasimama kuizunguka keki, wakaupitia wimbo wa siku ya kuzaliwa kwa sauti ya chini, wakacheka walipokosea. Asger akajiambia binti yuko nje anajipa moyo. Akampa muda, akamwongezea mwingine. Krimu ikaanza kulegea. Alipochungulia tena dirishani, baiskeli ilikuwa inakata kona.

Alitoka mbio. Ngazi zilikuwa tupu. Simu ikatetemeka mfukoni, ujumbe wa Signe: "Nimefika, baba. Nimegonga, kumbe nagonga ukuta. Nimepapasa hadi nikajionea aibu, na ndani nawasikia mnacheka. Heri ya siku yako."

Akarudi ndani kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Nyie mnaingiaje humu kila siku?"

"Kwa lile doa," akasema Bodil. "Sote tulikuwa tunalifuata lile doa."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mbona hukutuuliza?"

Asger akaiendea keki. Wote wakadhani anakwenda kuikata. Akazamisha humo kiganja kizima, stroberi na kila kitu, akatoka nacho nje, akakibandika kwenye ubao mweupe, pale pale mahali pake. Krimu ikachuruzika hadi sakafuni.

"Rangi mpya hiyo, Asger!" Bodil akapiga yowe.

Mlango ukajifunga taratibu nyuma yake, kwa adabu zake, akabaki ngazini. Kwa ule mkono msafi akapiga simu. Ikaita mpaka akakata tamaa, ndipo ikapokelewa. Upepo wa barabarani ulisikika, na pumzi za mtu aliyekuwa akilia.

"Rudi, mwanangu."

"Nirudi wapi, baba? Sikuuona mlango."

"Nimesimama mbele yake," akasema Asger. "Siondoki hapa mpaka uje."