Utando Uliobanduka

Katika maabara moja ya mji wa Strasbourg, Ufaransa, Odile Kessler alikuwa fundi wa kuvika vyuma vya nyonga bandia utando wa polima, aina ya plastiki, tabaka juu ya tabaka, ili mwili wa mgonjwa usivikatae. Kila tabaka lilisuuzwa kabla ya jingine kuwekwa. Siku moja utando ukabanduka kama ganda la kitunguu, na Odile akamgeukia Yannick, mwenzake wa kusuuza, mbele ya wafanyakazi wote.

"Wewe na haraka zako! Hukusuuza tena?"

"Nimesuuza, dada. Kweli."

"Umesuuza kikombe chako cha kahawa, labda!"

Watu wakaangua kicheko. Yannick akainama, akaanza kazi upya.

Baadaye Odile alitazama chuma kwa hadubini. Pale utando ulipoanzia kuachia palikuwa na alama za vidole zenye mafuta. Akakumbuka: alikuwa amevishika vyuma bila glavu, mikono imetoka kupakwa losheni. Uso ukamwiva.

Wakati wa chakula akasimama mbele ya wale wale waliocheka. "Yannick hana kosa. Ni mikono yangu."

Yannick akamsogezea mkate. "Kaa ule, dada."

Odile akaketi, akatafuna bila kuinua macho, hadi wenzake walipoondoka mmoja mmoja.