Trei Ikijaa

Badi bin Saad alikuwa mpimaji wa damu katika zahanati moja kaskazini ya Malindi, wala hakuna aliyewahi kumwita mvivu. Kosa lake lilikuwa kuihurumia rangi. Rangi ya kupimia malaria ikishachanganywa na maji haikai. Yote inayobaki humwagwa. Basi vioo vya damu vilikaa mezani mpaka trei ijae, ndipo achanganye. Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo alivyofunzwa, akaishika methali hiyo kana kwamba ni sharti la dini. Nje, wagonjwa walishinda mabenchini wala hawakulalamika. Watu wetu kwa kungoja hawajambo.

Asubuhi moja ya masika, mwaka wa themanini na mbili, alimwacha mwanawe Mahadhi amelala nyumbani, mwili una joto kidogo tu. Jua lilipopanda, homa nayo ikapanda. Mkewe, Harusi, akambeba mtoto mpaka zahanati. Angeweza kugonga mlango wa maabara, hakugonga. Kwao mwenyeji hali kabla ya mgeni, na pale palikuwa kazini kwa mumewe. Wote waliokaa mabenchini aliwahesabu wageni wake. Akakaa mwisho kabisa, na kila mzee aliyefika baada yake alimwamkia shikamoo, akampisha. Muuguzi Mumbua, ambaye hakumjua, akamtoboa mtoto kidole, akaandika nambari kwenye kioo, akakipeleka ndani pamoja na vingine.

Badi akakipanga kwenye trei. Zilibaki nafasi chache. Akajimiminia kahawa, akangoja.

Ilipojaa, adhuhuri ilikuwa inakaribia. Kioo kimoja kilimshtua kwa jinsi vijidudu vilivyotapakaa. Alitoka mbio mwenyewe, akaita ile nambari, akitaka mgonjwa huyo aingizwe kwa daktari sasa hivi. Mkono ulioinuka ulikuwa wa Harusi. Mahadhi alikuwa ameshalegea mapajani mwake. Alitundikiwa dripu ya kwinini, lakini haikufika hata nusu chupa.

Matangani watu walimwambia kazi ya Mungu haina makosa. Badi aliitikia, ila kazi yake mwenyewe aliijua ina kosa, na kosa hilo lilimla moyo. Aliporudi kazini akaanza kuchanganya rangi kwa matone, ya kutosha kioo kimoja tu. Akamwomba Mumbua ampitishie kila kioo dirishani kikishakauka, asingojee kingine, na majibu akawa anampelekea daktari papo hapo. Mabenchi yakapungua watu. Wakubwa wakaja kutoka Kilifi kuuliza maarifa yale alifunzwa wapi. Akasema hakumbuki, naye alikumbuka vizuri sana.

Baadaye walijaaliwa binti, wakamwita Shekha. Naye siku moja akashikwa na homa. Harusi akamleta, akakaa mwisho vile vile, maana mila haiachwi kwa siku moja. Safari hii benchi halijapata joto, jibu likatoka, na dawa zikatoka. Mtoto akanywa. Badi akatoka nje, akitumai kumkuta mkewe amefurahi. Akamkuta analia, uso ameulaza juu ya kichwa cha binti.

"Babake Mahadhi," akasema taratibu, "kumbe lilikuwa jambo jepesi hivi?"

Dirishani palikuwa na kioo kingine kimekwisha kukauka, Badi akaingia kukipima.