Kuaga Kigwa

Rafiki yangu Mrusi, aliyekuja Tabora kujifunza Kiswahili, alinieleza kwamba kwao karibu kila tendo lina vitenzi viwili: kimoja cha jambo linaloendelea, kingine cha jambo lililokamilika. Nikamwambia sisi tunabadilisha kipande kidogo tu cha neno: naondoka, nimeondoka, sijaondoka. Alifurahi kama mtoto.

Jumapili nikampeleka kijijini kwetu Kigwa, kwa mama. Alimwamkia vizuri, akala ugali na mlenda bila kukunja uso. Jua lilipoanza kushuka akasema, "Mama, naondoka," akachukua mkoba wake, na kweli akaondoka! Mama alibaki mdomo wazi. Kwetu, anayesema naondoka huketi tena. Mwenyeji humkatalia, huingia ndani kutafuta zawadi ya kumfungia, kisha humsindikiza hadi njia panda, na huko maongezi huanza upya. Nilitoka mbio kumfuata, hasira na kicheko vikinibana pamoja, nikakuta ameshapanda bodaboda.

Alirudi kwao zamani. Lakini kila tukivuna karanga, mama huchagua zilizo nzuri na kuzifunga kwenye kitambaa. Juzi nilimuuliza ni za nani.

"Za mgeni wako."

"Mama, yule ameshaondoka! Yuko ng'ambo huko."

Mama akakaza fundo la kitambaa, wala hakuniangalia.

"Nani kamsindikiza?" akauliza. "Hajaondoka huyo."