Jibu Liko Zaidi ya Moja

Nilikuwa nangoja muhuri katika ofisi moja ya Dilala, hapa Kolwezi, wakati binti mmoja alipokuwa akifanya mtihani wa kazi ya kompyuta. Alipewa tarakimu kuanzia moja hadi tisa. Bila kubadili mpangilio, aziunganishe, ajumlishe au atoe, apate mia. Aliandika programu fupi, akamgeuzia msimamizi skrini, akimwita tata, yaani baba.

"Majibu iko mingi, tata. Programu inajaribu alama moja, inaenda mbele. Kama haifike ku mia, inarudia nyuma, inajaribu ingine."

"Jibu iko moja, ile mi najua."

"Basi hesabu hii: 123, toa 45, toa 67, ongeza 89."

Msimamizi alibonyeza kikokotoo. Mia ikatokea. Akaifunika kwa kiganja.

"Nani alikufanyia?"

"Ni mi mwenyewe, mbele yako."

"Umeshindwa," alisema, akaita mwingine.

Nilimwambia msimamizi hesabu ni sahihi. Akanijibu kwamba hainihusu. Inanihusu, na bado nina hasira. Ofisi hizi hutulalamikia kila mara kwamba Kolwezi haina vijana wanaojua kompyuta. Mmoja nilimwona akipanda pikipiki, akirudi kwao.