Parrain na Mechi ya Senegal

Kule Kasha, pembezoni mwa Bagira mjini Bukavu, siku ya mechi kubwa watu walipitia kwanza kwenye benchi la Modeste kabla ya kwenda popote. Benchi lenyewe lilikuwa mbele ya kibanda cha pari, ile kamari ya mpira. Mzee huyo alikuwa mtangazaji wa mpira katika redio moja ya mtaa mpaka redio ilipozimika, na sauti iliyokosa mikrofoni ikajitafutia wasikilizaji. Alikuwa akiketi, akifunga koti, akianza polepole: nani ameumia, nani amechoka na safari, kocha hupenda kuanza vipi, timu hizi zilipokutana mara ya mwisho ilikuwaje. Mwisho ndipo alipotoa pronostiki yake, nani atashinda, na vijana wakakimbilia dirishani kununua tiketi. Yeye mwenyewe hakucheza pari hata siku moja. Alisema akiweka hela yake, macho yataanza kuona kile anachokitaka.

Alikosea mara nyingi, nani asikosee? Lakini wacheza pari wana kumbukumbu ya ajabu. Mzee akikosea walimlaumu refa, akipatia walimnunulia chai.

Aliyemwamini kuliko wote alikuwa Ulrich. Modeste na marehemu mkewe, Colette, ndio waliokuwa parrain na marraine wa ndoa ya Ulrich na Bintu. Walisimama nao altareni, wakatia sahihi, na kwa desturi ya Bukavu kazi hiyo haiishi siku ya harusi. Wanandoa wakikosana, mlango wa kwanza kugongwa ni wa parrain. Neno lake lina uzito hata mbele ya wazazi, maana yeye walimchagua wenyewe.

Ulrich alikuwa mhasibu katika shirika moja la misaada. Mwaka ule, vita vilipofika mjini, shirika lilifunga ofisi, mabenki nayo yakafunga milango, na kijana aliyezoea kutoka asubuhi na shati lililopigwa pasi akabaki anazunguka mtaani na simu mkononi. Nyumba ilikuwa inaishi kwa cherehani ya Bintu, aliyeshona sare za wanafunzi. Kulishwa na mkewe kulimchoma Ulrich, na badala ya kusema hivyo akaanza kucheza pari.

Jumapili baada ya misa Bintu alimsubiri Modeste nje ya kanisa. Hakulia. Alisema maneno yake kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye viatu.

"Parrain, Ulrich anataka kuuzisha mashini yangu. Mutu wa kuinunua atakuya mardi asubui. Feza yote anaiweka kwa Léopards, juu weye ulisema iko na nguvu."

Ni kweli alisema. Jumanne Léopards, timu ya taifa, walikuwa wanaikaribisha Senegal kule Kinshasa, kuwania nafasi ya Kombe la Dunia, nao walikuwa wanaongoza kundi kwa pointi moja. Modeste alikuwa ameipima mechi ile wiki nzima. Ukuta wa nyuma ulikuwa mgumu, viungo wa katikati wameiva, uwanja ni wa nyumbani. Alikuwa na hakika ya ushindi. Na zaidi ya hakika, aliutaka, kama watu wote wa mji huu ambao mwaka ule hawakuwa na mengi ya kufurahia.

Jumatatu alimwita Ulrich, akamkalisha, akazungumza naye kama parrain. Alimwambia cherehani si yake, ni ya mkewe, na kwamba mpira hauna ndugu. Ulrich alisikiliza kwa heshima, mikono magotini, kisha akajibu kwa upole uliomkata mzee maini.

"Parrain, ile iko mambo ya nyumba yangu. Uniambie tu, Léopards itashinda ao hapana?"

Modeste aliinuka. Alimsindikiza mlangoni, akakaa akishika tama. Aliona wazi kwamba yule kijana hakumsikia parrain hata kidogo. Masikio yake yalikuwa yamebaki kwa yule mtabiri wa kwenye benchi. Basi yule wa kwenye benchi ndiye atakayesema naye.

Jumanne asubuhi watu walijaa kuliko siku zote. Ulrich alisimama mbele, na nyuma yake alisimama mnunuzi, mtu mnene mwenye kofia. Modeste alianza kama kawaida yake, ila safari hii aligeuza kila kitu juu chini. Ukuta mgumu akauita mzito. Kuhusu viungo alisema wamekwisha pumzi. Na ili uongo usimame vizuri, aliupamba.

"Léopards itafunga ya kwanza, na ya pili pia. Watu wataimba. Kisha miguu itachoka. Senegal itashinda."

Yakaanza matusi. Mmoja alimwita msaliti, mwingine akamwuliza nani amemlipa. Modeste aliyameza yote, jasho likimtiririka chini ya koti. Alikuwa anamwangalia mtu mmoja tu. Ulrich akamgeukia mwenye kofia, wakasemezana, na yule mtu akaenda zake mikono mitupu.

Jioni mzee alisikiliza mechi peke yake nyumbani. Léopards walifunga la kwanza. Wakafunga la pili, na Kasha nzima ikalipuka kwa vifijo. Modeste alipiga ishara ya msalaba, akamwomba Mungu amwaibishe. Aliomba kwa dhati. Ulrich amchukie, vijana wamzomee, benchi wamnyime, wala hakujali, cherehani ilikuwa imepona.

Senegal wakarudisha moja. Wakasawazisha. Karibu na mwisho wakafunga la tatu. Mtaa ulinyamaza, na mzee akalia, kwanza kwa ajili ya Léopards, kisha kwa hofu ambayo hakuweza kuipa jina.

Asubuhi alikuta benchi limezungukwa. Waliomtukana jana walimpisha kwa adabu, wengine wakamshika mkono kwa mikono miwili. Walimwita nabii. Bintu alikuja na sahani ya fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani, uso wake umetulia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na Ulrich alikuwa kando yake. Modeste akaona ndiyo saa ya kumaliza jambo.

"Ulrich, niliwadanganya," alisema mbele ya wote. "Mu roho yangu nilijua Léopards itashinda. Nilisema vile juu ya mashini ya bibi yako."

Vijana walitazamana. Ulrich alitabasamu kwa mapenzi, kama unavyomtabasamia mzee anayekataa kusifiwa.

"Parrain, hakuna mutu anaweza kudanganya hivi. Hata goli mbili za kwanza ulizisema." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Yule mutu wa mashini nilimwambia angoje. Octobre tunacheza na Togo. Siye tunangoja kinywa yako tu."

Bintu alikuwa bado ameshika sahani. Alimtazama mumewe, akamtazama mzee, na utulivu wote ukamtoka usoni.

Modeste alipiga hesabu. Akisema Togo, wataweka kwa Togo. Akisema Léopards, watauza mpaka paa la nyumba. Ukweli alikwisha kuutoa, na wameukataa mbele ya macho yake. Alijisikia mzee sana.

"Sijui," alisema. "Ya Togo sijui."

Ulrich alitafakari kidogo, akaitikia kwa kichwa taratibu, kisha akawageukia wenzake.

"Match nul," alisema. "Parrain anasema hakuna atashinda."

Neno likapita mdomo kwa mdomo mpaka dirishani. Bintu akaondoka na sahani yake.