Zinki ya Mtoto Asiyekuwepo

Nianze kwa kukiri kwamba mimi, mwenye shahada ya mawasiliano ya umma, ndiye mtu pekee Runazi nzima aliyewahi kupata mtoto kwa kununua vidonge, na naisema aibu hii mwenyewe kwa sababu mkiisikia kwa wengine mtaambiwa walikuwa mapacha.

Yalianzia kwenye kucha. Zilikuwa zimebaki siku chache niende Nyabusozi kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Leonida, na badala ya kuwaza mambo ya maana kama kupiga pasi shati, nikakaa kutazama kucha zangu, nikaona vidoa vyeupe, nikaingia kwenye simu (kimbilio la kila msomi asiye na kazi), na simu ikasema huenda ni upungufu wa madini ya zinki. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaendelea: zinki husaidia vidonda kupona, huimarisha kinga, hukuza watoto, hufanya ulimi uonje ladha (nikalamba chumvi kujipima, nikaona kama haijakolea), na mwanaume aliyepungukiwa sana anaweza hata kupata shida ya kuzaa. Basi! Sikuona kucha tena, niliona ndoa isiyo na mtoto, wakwe wakinong'ona, Leonida akirudi kwao na sanduku lake.

Simu hiyohiyo ilisema zinki imo kwenye nyama, dagaa, mbegu za maboga na maharage, na maharage yalikuwa yanachemka jikoni kwa mama wakati huohuo, lakini wapi, msomi haponi kwa maharage, msomi anaponea dukani.

Mama Adela, mwenye duka la dawa pale senta, hakuinua hata kichwa.

"Zinki? Ya mtoto?"

Mjue kwamba kwetu zinki ina kazi moja tu: ni vidonge vya mtoto anayeharisha, vya kuyeyusha kwenye kijiko, vinavyotolewa pamoja na pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Ningesema ni yangu, angeuliza ya nini, na nyuma yangu walisimama akina mama wawili, na kila jibu nililolipanga kichwani lilikuwa linaishia kwenye uanaume wangu.

"Ndiyo," nikasema. "Ya mtoto."

"Ana miezi mingapi?"

"Saba."

"Mama yake ananyonyesha?"

"Sana." (Sana! Nani aliniuliza kiasi?)

"Pole, baba," akasema, akinikabidhi, na mimi mpumbavu nikaondoka nimefurahi kuitwa baba.

Sikujua kwamba Mama Adela anaimba kwaya moja na mama yake Leonida.

Asubuhi ya safari, pakiti ilisema kidonge kimoja kwa mtoto, nikajiuliza mtu mzima ni watoto wangapi, nikaamua ni wanne, nikavimeza bila kula chochote. Njia nzima tumbo likawa linapinda, nami nikajiambia ni dawa inafanya kazi.

Tulipokelewa vizuri. Tukaamkiana, shikamoo, marahaba, tukakaa, na baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuja kunisemea, akaanza kunipamba: "Kijana wetu ni mtulivu, ana elimu, hana mambo mengi. Hata mtoto wa nje hana."

Mama Leonida akaweka bakuli la maharage chini.

"Na yule anayeharisha?"

Baba mdogo akanigeukia taratibu. "Evodi, nani anaharisha?"

"Jumuiya nzima tumemwombea," mama akaendelea. "Jina hatukulijua, tukasema tu mtoto wa Evodi, Mungu anamfahamu."

Leonida alikuwa mlangoni na jagi la kunawisha wageni. Hakulia. Afadhali angelia. "Nasikia mama yake ananyonyesha," akasema. "Tena sana. Sana, Evodi?"

Hapo ndipo shahada yangu ingenifaa. Nikafungua mdomo nieleze, na kilichotoka si maneno, na ashukuriwe Mungu nilifika migombani kabla hakijatoka chote. Niliporudi najifuta, nikamsikia baba mkwe: "Kumbe na baba ana ugonjwa wa mwanawe."

Nikaeleza yote, kuanzia kucha hadi vidonge vinne, mpaka na lile la kuzaa, mbele ya wazee, huku nimenyoosha mikono kama mwanafunzi anayekaguliwa usafi. Mzee akavaa miwani. "Rete karibu," akasema (kwake l na r ni ndugu), akakagua kidole kwa kidole.

"Baba, hizo kucha anazitafuna," Leonida akasema. "Tangu nimfahamu anazitafuna. Zitakosaje vidoa?"

Mzee akavua miwani. "Mwenye mtoto wa nje, faini yake tunaijua. Anakiri, anatoa, tunaendelea. Lakini ujinga huu, mzee mwenzangu," akamgeukia baba mdogo, "faini yake sijawahi kuisikia."

Tukarudishwa nyumbani. Walituita tena baada ya mavuno, Mama Adela alipokwisha kuapa mbele yao kwamba mtoto huyo hajawahi kumwona kwa macho. Kwa muda wote huo Leonida alipokea simu zangu kwa maneno mawili tu: "Haloo, baba."

Nimejifunza kwamba ukweli wa aibu unabaki dukani, uongo ndio unaotangulia ukweni, na nimeapa sitajitibu tena kwa simu wala kumwongopea muuza dawa.

Juzi binti yetu, mimi na Leonida, aliharisha kweli, muuguzi akaniagiza zinki. Nikambeba mwenyewe hadi senta, na kabla sijaulizwa nikamwinua juu ya kaunta, watu wote wamwone.

"Ya mtoto," nikasema. "Huyu hapa."

Mama Adela akamtazama mtoto, kisha akanitazama mimi, kisha vidole vyangu.

"Na baba mtu," akasema, "nimfungie vinne vyake?"

Nikakunja ngumi kuficha kucha.